Somalia: Nani aweza kumwondoa Waziri Mkuu?

Kwa mujibu wa Katiba ya Muda ya mwaka 2012, Rais wa Somalia humteua Waziri Mkuu, lakini kumwondoa ilikuwa kazi ya wabunge. Julai 2020, Hassan Ali Khaire aliondolewa kwa kura 170 dhidi ya 8. Desemba 2021, Rais Farmaajo alitangaza kumsimamisha Mohamed Hussein Roble. Roble alikataa, akabaki madarakani. Machi 30, 2024, Bunge lilipitisha marekebisho yanayompa Rais uwezo wa kumfuta Waziri Mkuu bila idhini yake. Kwa Wabajuni wa Chula, jamii ndogo yenye sauti hafifu Mogadishu, hilo ni zito: kura ya mbunge ilihesabiwa, sasa Rais aweza kuamua bila kura hiyo.