Swali lililompeleka mbunge kizuizini: Jinsi haki ya kuihoji serikali ilivyopiganiwa Kenya

Oktoba 1975, mbunge wa Butere Martin Shikuku alisimama Bungeni jijini Nairobi na kusema kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge jinsi walivyokiua chama cha KANU. Upande wa serikali ukawaka. Akatakiwa athibitishe madai yake papo hapo. Aliyekalia kiti siku hiyo ni Naibu Spika Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: jambo lililo wazi kwa kila mtu halihitaji kuthibitishwa.

Tarehe 15 mwezi huohuo polisi waliingia katika majengo ya Bunge na kuwakamata wote wawili. Hawakufunguliwa mashtaka. Walikaa kizuizini hadi Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta, Rais Daniel arap Moi alipowaachilia wafungwa wa kisiasa.

Kijana anayemwona waziri leo akisimama mbele ya wabunge kueleza kwa nini hospitali haina dawa anaweza kudhani kwamba utaratibu huo umekuwapo siku zote. Sivyo. Haki ya kuuliza imepiganiwa, ikapokonywa, ikarudishwa, ikapotea tena kwa miaka kadhaa bila wengi kutambua, kisha ikarejeshwa. Tunapaswa kuijua historia hiyo, maana haki ambayo watu hawajui ilikotoka ni rahisi kuporwa.

WALOWEZI WALIKUWA WA KWANZA

Desturi ya wabunge kuihoji serikali ilitoka Uingereza. Swali la kwanza linalokumbukwa katika kumbukumbu za bunge la huko liliulizwa katika Nyumba ya Malodi mwaka 1721. Lilihusu kashfa ya pesa: aliyekuwa mweka hazina wa kampuni ya South Sea alikuwa ametoroka nchi, na Earl Cowper akataka kujua kama ni kweli kwamba amekamatwa. Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, swali la bungeni lilikuwa likifuata pesa na waliokabidhiwa kuzitunza.

Wakoloni walikuja na desturi hiyo, lakini hawakuigawia kila mtu. Baraza la Kutunga Sheria, maarufu LEGCO, lilikutana kwa mara ya kwanza Agosti 17, 1907. Wajumbe wengi walikuwa maafisa wa serikali, na miongoni mwa wachache wasio maafisa alikuwa Lord Delamere, kiongozi wa walowezi. Walowezi waliihoji serikali kuhusu ardhi, reli na vibarua. Mwafrika, aliyekuwa akizungumziwa katika karibu kila hoja, hakuwa na kiti. Hata ilipoamuliwa mwaka 1924 kwamba maslahi yake yawakilishwe, aliyeteuliwa ni mmishonari, Kasisi John Arthur.

Miaka 37 ilipita tangu kikao cha kwanza kabla ya Mwafrika kuketi humo. Eliud Mathu aliteuliwa mwaka 1944, akawa sauti pekee ya mamilioni ya watu. Miongoni mwa mambo aliyoyakomalia ni kipande, kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea nacho. Machi 1957 wakachaguliwa Waafrika wanane, wakiwemo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Mwaka uliofuata Odinga akalitikisa baraza hilo aliposema kwamba Kenyatta, aliyekuwa akitumikia kifungo, bado ni kiongozi wa watu.

SWALI LA NYONGEZA

Baada ya uhuru, Saa ya Maswali ikawa sehemu ya kikao ambayo Wakenya waliifuata kuliko zote. Mbunge aliandika swali lake na kulikabidhi kwa Karani wa Bunge, likapewa nambari na kuchapishwa katika ratiba ya siku. Spika alipomwita, alisimama akalitaja. Waziri au waziri msaidizi akasimama upande wa pili: "Bw. Spika, naomba kujibu."

Mara nyingi jibu hilo la kwanza lilikuwa limeandikwa na maafisa wa wizara, likasomwa kwenye karatasi neno kwa neno. Kazi yenyewe ilianza pale mbunge aliposimama tena kuuliza swali la nyongeza, na wenzake wakafuata. Kama waziri amesema zahanati itapata dawa, ni lini? Kama barabara imetengewa fedha, ni kiasi gani, na mkandarasi ni nani? Hapo karatasi haikusaidia tena. Waziri asiyeijua wizara yake aliumbuka mbele ya taifa, na kila alichoahidi kiliandikwa katika Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ambako mbunge angeweza kukitafuta mwaka uliofuata na kumkumbusha.

Hatua nyingine kubwa ilipigwa Julai 1974, Kiswahili kiliporuhusiwa Bungeni. Kabla ya hapo mijadala iliendeshwa kwa Kiingereza tupu. Raia wa Lamu au Kakamega ambaye hakusoma sana aliweza sasa kusikia mwenyewe jinsi mbunge wake alivyouliza na jinsi serikali ilivyojibu.

GHARAMA YA KUULIZA

Miezi minane baadaye Bunge likafikia mtihani wake mgumu zaidi. Machi 1975 mbunge wa Nyandarua Kaskazini, J.M. Kariuki, aliuawa na mwili wake kupatikana katika msitu wa Ngong. Wabunge hawakutosheka na maelezo ya serikali, wakaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Ripoti yake ilipofikishwa Bungeni, serikali ilijaribu kuizuia ikashindwa: 62 waliiunga mkono, 59 wakaipinga. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura pamoja na wengi, walipigwa kalamu. Oktoba ikawa zamu ya Shikuku na Seroney.

Mwaka 1977 ilikuwa zamu ya George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki. Aliihoji serikali kuhusu zabuni ya mabehewa ya reli. Naye alikamatwa katika majengo ya Bunge na kuzuiliwa bila kesi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wabunge saba vijana waliendeleza kazi hiyo: Abuya Abuya, Onyango Midika, James Orengo, Lawrence Sifuna, Koigi wa Wamwere, na wawili kutoka Pwani, Mashengu wa Mwachofi na Chibule wa Tsuma. Waziri Charles Njonjo aliwabandika jina la dhihaka, madada saba wenye ndevu. Mwenzao katika harakati hizo, Chelagat Mutai, alikimbilia Tanzania mwaka 1981. Juni 1982 Kenya ikafanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, na miezi miwili baadaye Koigi akawekwa kizuizini. Swali Bungeni lilibaki, lakini mwulizaji alijua linaweza kumgharimu nini.

KARATASI ZA MAORE

Kurejea kwa vyama vingi mwishoni mwa 1991 kuliondoa hofu hiyo kidogo kidogo. Aprili 2004 mbunge wa Ntonyiri, Maoka Maore, aliwasilisha Bungeni stakabadhi kuhusu zabuni ya mitambo ya kutengeneza pasipoti. Hivyo ndivyo umma ulivyoanza kuijua kashfa ya Anglo Leasing. Muda si muda pesa zilizokuwa zimelipwa zikaanza kurudishwa na kampuni ambazo wenyewe hawakujulikana. Februari 2006 Waziri wa Fedha David Mwiraria alijiuzulu, huku akikana kuhusika.

Julai 2008 Bunge lilipitisha hoja ya Bonny Khalwale ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha Amos Kimunya, kufuatia maswali kuhusu uuzaji wa hoteli ya Grand Regency. Kimunya alijiondoa kazini kupisha uchunguzi, na baadaye akarudishwa katika Baraza la Mawaziri akiwa Waziri wa Biashara. Mwaka huohuo vikao vilianza kupeperushwa moja kwa moja, na Waziri Mkuu Raila Odinga akatengewa wakati wake kila wiki kuhojiwa.

MLANGO ULIOFUNGWA BILA KELELE

Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo Wakenya wengi, nami nikiwamo, wanaienzi. Ilisema waziri asiwe mbunge. Nia ilikuwa njema: kutenganisha wanaotunga sheria na wanaoitekeleza. Lakini baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mawaziri walipohama ukumbini, Saa ya Maswali ilihama pamoja nao. Kifungu cha 153 kilimtaka waziri afike mbele ya kamati na kujibu maswali, ila kamati ni chumba kidogo chenye wajumbe wachache.

Mbunge aliyetaka kujua habari za barabara ya kwao ilimbidi amwombe mwenyekiti wa kamati amtafutie taarifa. Mwenyekiti akaiandikia wizara barua, wiki zikapita, jibu likaja, akalisoma ukumbini. Mbunge alipouliza swali la nyongeza, aliyesimama mbele yake alikuwa mbunge mwenzake, asiye na wizara wala majibu. Ule mtihani wenyewe wa waziri uliondoka hivyo, bila mtu yeyote kutiwa pingu.

Bunge la 12 lilijaribu kuziba pengo kwa kuwataka mawaziri wayajibu maswali mbele ya kamati. Septemba 2022 Rais William Ruto alilihutubia Bunge na kuliomba libadilishe kanuni ili mawaziri wafike ukumbini. Kanuni zikabadilishwa, na mawaziri wakaanza tena kusimama mbele ya Bunge la Kitaifa na Seneti kuhojiwa.

JIBU NI AHADI

Kurudi kwao ni ushindi, lakini hakujatosha. Mwaka 2024 wakulima waliuziwa mbolea ghushi. Waziri wa Kilimo Mithika Linturi alihojiwa, na Mei wabunge wakapiga kura kuunda kamati teule ya kuchunguza hoja ya kumwondoa. Kamati ikasema mashtaka hayakuthibitishwa, na hoja hiyo ikaishia hapo. Mkulima aliyekwisha kupanda hakurudishiwa msimu wake. Mwezi uliofuata, Juni 25, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia kwa nguvu katika majengo ya Bunge, na damu ya waandamanaji ikamwagika. Wananchi wakikosa mtu wa kuwaulizia ndani, watakwenda kujiulizia wenyewe.

Jibu la waziri Bungeni ni ahadi kwa taifa, nayo inapaswa kuwa na tarehe, kiasi cha fedha na mtu wa kuwajibika. Ipo Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio ya Bunge na ahadi za serikali. Ipewe meno, na orodha ya ahadi ambazo hazijatimizwa itangazwe wazi, wizara kwa wizara. Hansard ipo na inapatikana kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Mgombea anayetetea kiti atakuja na orodha ya atakayoleta. Aulizwe kwanza: katika miaka hii mitano uliiuliza serikali nini kwa niaba yetu, ilikujibu nini, na ulirudi lini kuuliza tena?