Kutoa upepo kwenye klachi

Kutoa upepo kwenye klachi ni kazi ya kuondoa hewa iliyoingia katika mfumo wa haidroli wa klachi ya gari. Mafuta ya breki hayashindiliki, lakini hewa hushindilika. Hivyo pedali hulegea na gia hukataa kuingia. Katika milima ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hitilafu hiyo ni ya hatari: dereva huweza kushindwa kupunguza gia mteremkoni.

Kazi hufanywa na watu wawili. Mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Mwenzake hulegeza nati ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini, kisha huikaza kabla pedali haijaachiwa. Hurudiwa mpaka mapovu yaishe, huku kikopo cha juu kikiongezwa mafuta ya breki. Oili ya injini huharibu mipira.