Kiti Kilichopinduliwa

Msasa ulikuwa jani kabla ya kuwa karatasi. Jina hilo, ambalo fundi seremala wa Kasulu hulitaja kila anapomtuma kijana dukani, ni la mti wa ukoo wa mkuyu wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mafundi wa zamani waliyasugua kwenye mpini au kigoda mpaka mti ukalainika, na kazi ikaishia hapo.

Rangi ya nini? Nyanda za juu za Kigoma ni nchi ya miombo, na humo ndimo unamoota mninga, mti unaovuja utomvu mwekundu kama damu ukitiwa shoka. Kuipaka mbao yake rangi ya mafuta ni kumvika bibi arusi gunia. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, bidhaa za mikebe zilipata njia rahisi hadi ziwani, ila Kasulu ilibaki yapata kilometa 90 za kupanda, na Kibondo mbali zaidi.

Kilichogeuza mambo ni watu wenye safari. Warundi walimiminika Kigoma mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Kambi ni mji: ina shule, zahanati na ofisi, na palipo na ofisi pana meza. Lakini kambi hufungwa. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, Warundi zaidi ya 30,000 wakarudishwa kwao ndani ya majuma machache. Baadaye pakawa kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Nduta, huko Kibondo, ilikwisha fungwa, ikafunguliwa tena 2015. Anayeondoka kwa lori hapakii kabati. Huliuza kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo rangi ilipopata kibarua. Mninga umeadimika, paina imejaa, na paina iliyokaa miaka kumi juani haina cha kujivunia. Fundi huifuta vumbi, huipiga msasa mnene kisha mwembamba, huziba nyufa kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi, halafu hulainisha rangi kwa tina na kupaka mkono wa kwanza. Kiangazi humpa jua la kukaushia, lakini pia vumbi jekundu linalonasa kwenye rangi mbichi. Masika vumbi hutulia, na kiti hulala ndani siku mbili kikiwa bado kinanata.

Mnunuzi mjanja wala hautazami mgongo unaong'aa. Hukipindua kiti miguu juu, akakwaruza kwa ufunguo pale brashi isipofika: kwanza kijani cha jana, chini yake bluu iliyofifia, na pembeni namba nyeusi ya ofisi iliyokwisha hama.