Mji Wetu Bado Hauna Kitabu cha Kumwongoza Mgeni

Nimeombwa kuandika jambo la historia litakalomfaa mwanafunzi na kumkumbusha mzee. Nimechagua kuzungumza juu ya vitabu vya kuwaongoza wageni mijini, maana nimeona kwamba mji usioandikwa na wakazi wake hupitwa tu, hata na watoto waliozaliwa humo.

Mimi ni mtoto wa Mpanda niliyefanya kazi miaka mingi Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilinunua kitabu cha Laura Sykes, alichokiandika kwa kushirikiana na Uma Waide, kikatolewa mwaka 1997 na Mkuki na Nyota, wachapishaji wa jijini humohumo. Kinaitwa Dar es Salaam: A Dozen Drives Around the City, na jina hilo laeleza mpango wake: jiji limegawanywa katika mizunguko kumi na miwili ya gari. Gari sikuwa nalo. Nilikwenda kwa miguu na kwa daladala, Jumapili baada ya Jumapili, kitabu mkononi, na palipokuwa na mzee nilisimama nikauliza.

Nilikuwa nimepita Kariakoo mara nyingi mno, lakini sikuwahi kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Kumbe limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nilikuwa nimekatiza Mnazi Mmoja bila kujua kwamba wakoloni waliuacha wazi uwanja ule kwa makusudi, uwatenge Waafrika na sehemu za Wazungu na Wahindi. Barabara ya Samora iliitwa kwanza kwa Kijerumani, kisha ikawa Acacia Avenue ya Waingereza, kisha ikawa ya Uhuru, ndipo ikapewa jina la Rais Samora Machel wa Msumbiji. Wenye amri walibadilika mara kwa mara, na njia ni ileile.

Hapo nilijifunza jambo moja. Kitabu cha namna hii humwambia mgeni kitu kiko wapi, lakini kikiandikwa na mtu aliyekaa mahali hapo humwambia pia kwa nini kiko hapo. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya wageni, lakini aliyepona ni mimi niliyejidhania mwenyeji.

Sasa turudi nyumbani. Vitabu vya watalii vinavyotoka nje huitaja Mpanda kama mahali pa kulala kabla ya kwenda kuona viboko na nyati wa Hifadhi ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974. Hifadhi hiyo ni fahari yetu, na mkoa wetu uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 umechukua jina lake. Lakini je, mji wenyewe hauna la kusimulia? Hebu tujaribu kuupanga kwa mizunguko kama walivyofanya wenzetu wa Dar es Salaam.

Mzunguko wa kwanza na uanzie stesheni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikatuacha sisi mbali kusini. Tawi la kutoka Kaliua, lenye kilomita 210 hivi, linalovuka mto Ugalla na kukatiza misitu ya miombo, lilifunguliwa mwaka 1950. Mtoto anayepanda treni leo hana budi kuuliza: kwa nini reli inaishia hapa, wala haifiki ziwani?

Jibu liko katika mzunguko wa pili, kule mgodini Mukwamba. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, yale yatumikayo katika betri za magari. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhitaji mkubwa wa malighafi kutoka makoloni yake. Miaka hiyohiyo ndipo ulipoanzishwa mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Nachingwea na kwa jirani zetu Urambo, mpango ulioachwa mwaka 1951. Mgodi wetu, chini ya kampuni ya Uruwira Minerals, ulidumu zaidi ya karanga, lakini nao ulifungwa mwaka 1960. Uhuru ulipofika Desemba 1961, kazi iliyoileta reli ilikuwa imekwisha. Reli ikabaki, ikabeba watu, mahindi, tumbaku na asali. Mji uliokusudiwa kuishi kadiri ya mawe ya chini ya ardhi ukaendelea kuishi kwa jasho la watu wa juu yake. Hiyo ndiyo habari kuu ya Mpanda, nami sijaona kibao kinachoieleza.

Mzunguko wa tatu utoke nje ya mji hadi Katumba. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwafanya watu wengi kukimbilia kwetu. Makazi ya Katumba yalifunguliwa, na mwaka 1978 yakafuata ya Mishamo. Walipewa mashamba, wakafyeka pori na kulima chakula kilicholiwa hata mjini. Miaka mingi baadaye Serikali yetu iliwakubalia uraia watu wapatao 162,000 wa makazi hayo pamoja na ya Ulyankulu, na vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Hapa kitabu chetu kitapimwa. Yuko atakayesema kwamba habari za Katumba si za Mpanda. Namwuliza: ni nani katika mji huu ambaye babu yake hakuletwa na kitu? Wako Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, ambao nchi hii ni yao tangu kale. Sisi wengine tuliletwa na mgodi, na reli, na ng'ombe waliofuata malisho, au na barua ya uhamisho. Tukiwaacha watu wa Katumba nje ya kitabu, tutakuwa tumechora Mnazi Mmoja mwingine kwa kalamu.

Mzunguko wa nne ushuke Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga kituo chao hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi mapadre wa White Fathers. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre hao, akasomeshwa uganga huko Malta. Aliwatibu watu wa Karema na kuwafundisha dini kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Yeye naye hakuzaliwa huku, lakini hakuna atakayethubutu kumwita mgeni.

Wa mwisho ndio uende hifadhini, na hata huko kisiwe kitabu cha wanyama peke yake. Kando ya Ziwa Katavi uko mkwaju ambao watu huuheshimu kuwa makao ya Katabi, mzimu wa mwindaji aliyeipa nchi hii jina, na wako wanaoacha sadaka zao chini yake.

Vijana, kazi hii ni yenu, na haihitaji fedha nyingi kuianza. Chukueni daftari na kalamu. Kila mmoja achague mahali pamoja: stesheni, soko, kata ya Makanyagio, Kashaulili au Mpanda Hotel. Ulizeni jina limetoka wapi na nani alikuwapo. Msitosheke na mzee mmoja. Waulizeni wawili au watatu, kina mama wakiwamo, na wakitofautiana andikeni maneno ya wote. Andikeni mwaka kila mnapoupata. Kiandikwe kwa Kiswahili, ili msomaji wake wa kwanza awe mtoto wa hapahapa.

Nawahimiza kwa sababu hesabu haitungoji. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mgodi ulipofungwa, leo amepita 80. Nyinyi ndio mtakaokuwa wa mwisho kumsikia kwa masikio yenu.

Nasi wazee tuliosoma hapa tuna wajibu wetu. Tukikutana mwaka huu, napendekeza tuunde kamati ndogo itakayosoma daftari hizo pamoja na walimu wa historia, kisha tuchange gharama za kuchapa. Mimi nitatoa mchango wa kwanza, pamoja na nakala yangu ya kitabu cha Dar es Salaam, iliyochakaa kwa kutembea, ibaki maktaba ya shule iwe mfano.