Jumba la Frimasoni: Historia, Ujenzi, Matendo ya Huruma na Msimamo wa Kanisa

Hapa Kigera, kama ilivyo katika parokia nyingi za Jimbo letu la Musoma, neno "Frimasoni" hutamkwa kwa kunong'ona. Mvuvi akiongeza mtumbwi wa pili mwaloni, au mfanyabiashara akijenga nyumba ya ghorofa, huko nyuma yake yanaanza maneno. Katika semina za vijana swali hili halikosekani. Makala haya yanaeleza chama hicho ni nini, jumba lake likoje, na kwa nini Kanisa linamkataza Mkatoliki kujiunga nacho.

Asili ya chama

Jina lenyewe lina maana ya "waashi huru". Waashi wa mawe waliojenga makanisa makuu ya Ulaya walikuwa na vyama vya ufundi. Mahali walipokutania paliitwa loji, na neno hilo hutumika hadi leo kwa kikundi cha wanachama na pia kwa ukumbi wao. Baadaye walianza kupokelewa watu wasio mafundi, na tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London ziliungana na kuunda Loji Kuu ya kwanza.

Chama kiliingia Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza. Loji ya Harmony ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1905. Nchini Tanzania, aliyejulikana zaidi ni marehemu Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Bukene, Tabora. Alijiunga mwaka 1954, akaongoza chama katika Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na alizungumza juu ya uanachama wake bila kificho. Alifariki mwaka 2017.

Jumba na alama zake

Jumba la Dar es Salaam halikufichwa. Lipo Barabara ya Sokoine, barabara ileile lilipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Jumba maarufu kuliko yote ni la London, katika mtaa wa Great Queen, lililojengwa kati ya mwaka 1927 na 1933 na wasanifu H. V. Ashley na F. Winton Newman, kwa kumbukumbu ya wanachama waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wageni huruhusiwa kulitembelea.

Ukumbi wa loji hufuata mpango unaofanana karibu kila mahali. Kiti cha mkuu huwekwa upande wa mashariki. Wasaidizi wake wawili hukaa magharibi na kusini. Katikati ya sakafu kuna vigae vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti, ishara ya mema na mabaya ya maisha. Nguzo mbili hukumbusha Yakini na Boazi, nguzo za Hekalu la Sulemani (1 Fal 7:21). Bikari na pembe mraba, pimamaji na timazi, zana ambazo kila fundi wetu anazo, hutumiwa kufundishia maadili.

Matendo ya huruma

Ukweli lazima usemwe: chama hiki hutoa misaada. Mwaka 1788 kilianzisha shule London kwa ajili ya mabinti wa wanachama waliokumbwa na shida. Mwaka 1933 Mfalme George wa V alifungua hospitali yao magharibi mwa mji huo. Mwaka 2016 mifuko yao minne ya hisani nchini Uingereza iliunganishwa kuwa mmoja, unaowasaidia wanachama na familia zao na pia watu wa nje. Yatima akisomeshwa, tunamshukuru Mungu. Hata hivyo, wema wa sadaka hauthibitishi ukweli wa mafundisho ya mtoaji.

Msimamo wa Kanisa

Papa Klementi wa XII alikataza uanachama huo mwaka 1738, na Papa Leo wa XIII akafafanua sababu katika waraka wake *Humanum Genus* wa mwaka 1884. Chama kinamtaka mwanachama amkiri Mungu, "Msanifu Mkuu wa Ulimwengu", lakini kinaziweka dini zote katika ngazi moja, kana kwamba Kristo ni mwalimu mmoja kati ya wengi. Aidha, mtu huapa kutunza siri kabla hajayajua yote anayojifunga kwayo.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1374, haikitaji chama hiki kwa jina, na wengine walidhani marufuku imeondolewa. Ndiyo maana tarehe 26 Novemba 1983 Kardinali Joseph Ratzinger, kwa idhini ya Papa Yohane Paulo II, alitamka kwamba msimamo haujabadilika: Mkatoliki anayejiunga yumo katika dhambi kubwa na hawezi kupokea Komunyo Takatifu. Roma ilirudia kauli hiyo Novemba 2023, ilipomjibu askofu mmoja wa Ufilipino.

Wajibu wetu

Kwanza, Mkatoliki asijiunge. Aliyekwisha kujiunga ajitoe na amwendee padre; mlango wa kitubio uko wazi.

Pili, tusidanganyike na matangazo ya nguzoni na ujumbe wa simu unaoahidi utajiri kwa "ada ya kujiunga". Wanachama wa kweli hulipa ada na kutoa michango, hawagawiwi mali. Huo ni utapeli, na anayeutumia fedha amepoteza fedha yake. Lakini hata aliyetapeliwa ajiulize mbele ya Mungu alikuwa anatafuta nini.

Tatu, tusiwazushie watu. Kanisa halikatazi uanachama kwa sababu ya hadithi za damu na kafara, bali kwa sababu ya imani. Anayemwita jirani yake Frimasoni kwa kuwa tu amefanikiwa, anavunja amri ya nane, na anadaiwa kulirudisha jina jema alilolichafua. Kuungama peke yake hakutoshi: arudi kwa wale aliowaambia, akanushe maneno yake.