Goti la Akhwari, kiwiko cha Pettitte

Shabiki akimhukumu mchezaji huuliza maswali matatu. Ameumia kweli? Amepona kwa njia gani? Ushindi wake tuuweke wapi? Mutuka, hapa Babati mjini, maswali hayo huulizwa juu ya wanasoka na wakimbiaji. Kenya huulizwa juu ya wanariadha wa mbio ndefu. Marekani huulizwa juu ya wacheza besiboli, mchezo ambao kwetu haujaenea ingawa una uwanja wake pale Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Nimeziweka mila hizi tatu za ushabiki pamoja kwa sababu kila moja imeona kitu ambacho nyingine zimekikosa, na zote zimekosea mahali pamoja: zinajadili majeraha na dawa zilizopigwa marufuku kana kwamba ni kesi mbili. Naamini ni kesi moja. Mwili unaonyimwa nafasi ya kupona ndio unaotafuta sindano, na sisi mashabiki tumo miongoni mwa wanaounyima.

Tuanze na kuumia. Manyara ina kipimo chake, nacho ni John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico, alianguka kabla ya kufika nusu ya mbio, goti likateguka na bega likaumia. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 18 hawakufika mwisho. Akhwari alifika, wa 57 na wa mwisho, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize.

Jibu hilo limekuwa sheria kwetu. Tangu Fountain Gate walipoanza kuutumia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, Ligi Kuu imekuwa jirani yetu, lakini mechi nyingi bado tunazitazama kwenye vibanda umiza. Mchezaji akikaa chini na kushika goti, haipiti dakika mtu hajapaza sauti, "Inuka bwana, mguu unao!" Kijana akijaribu kumtetea, "Mzee, huyo goti limekwenda," atajibiwa, "Mwanangu, Akhwari alikimbia na goti kama hilo." Ubishi huishia hapo. Mchezaji anayeumia mara kwa mara huitwa pancha, na jina hilo halimtoki hata akipona.

Marekani nao wana shujaa wao asiyepumzika. Cal Ripken Jr. wa Baltimore Orioles alicheza mechi 2,632 mfululizo. Usiku wa 6 Septemba 1995, alipoivuka rekodi ya Lou Gehrig ya mechi 2,130, mchezo ulisimama zaidi ya dakika 20 watu wakimshangilia. Timu ya ligi kuu ya besiboli hucheza mechi 162 katika msimu wa miezi sita hivi, karibu kila siku. Katika ratiba kama hiyo anayepumzika huonekana mvivu, na anayecheza na maumivu husifiwa. Kenya shinikizo linatoka mfukoni. Mkimbiaji mkubwa wa marathoni hushindana mara mbili hivi kwa mwaka. Akikosa mbio moja kwa sababu ya msuli, ni kama amepoteza nusu ya mapato ya mwaka, na huko Iten, mji wa wakimbiaji, wako wengine wengi wanaojifua alfajiri ileile wakiisubiri nafasi yake. Kwetu amri inatoka kwenye heshima, kwa Wamarekani kwenye ratiba, kwa Wakenya kwenye riziki. Amri yenyewe ni moja: usiumie, na ukiumia usilale.

Anayetakiwa asilale atapona vipi? Hapo ndipo swali la pili linapoanza, na besiboli imelijadili kuliko mchezo mwingine wowote niujuao. Tarehe 25 Septemba 1974 daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John wa Los Angeles Dodgers, akaipandikiza kwenye kiwiko chake cha kushoto kilichochanika ndani. Jobe alikadiria kwamba nafasi ya kurudi uwanjani ilikuwa moja katika mia. John alikaa nje msimu wote wa 1975, akarudi 1976, akacheza hadi 1989. Kati ya ushindi wake 288, 164 aliupata kwa kiwiko kilichopasuliwa. Upasuaji huo hadi leo unaitwa kwa jina lake, wala hakuna anayemwona mdanganyifu.

Sasa mweke kando yake Andy Pettitte wa New York Yankees, mrushaji kama yeye. Jina lake lilitokea katika ripoti ya George Mitchell ya 13 Desemba 2007 kuhusu dawa zilizokatazwa katika besiboli, iliyotaja wachezaji 89. Siku mbili baadaye Pettitte alikiri kwamba mwaka 2002, akiuguza kiwiko, alichomwa homoni ya ukuaji ili apone haraka na kuirudia timu yake. Mark McGwire, aliyepiga homu rani 70, yaani mipigo inayoutoa mpira nje ya uwanja, mwaka 1998 na kuvunja rekodi ya msimu, alikiri Januari 2010 kwamba alitumia steroidi, na sababu aliyoitoa ilikuwa hiyohiyo: kuponya majeraha. Mashabiki wengi walikataa kumwamini. Wengine waliuliza swali linalostahili kujibiwa: kama kano ya kupandikiza inaruhusiwa, sindano ya kuponya kiwiko ina ubaya gani?

Jibu langu ni kwamba John alitibiwa dunia ikijua. Alikaa nje akapoteza msimu, na kila aliyesimama mbele yake baadaye alijua anakabiliana na mkono gani. Pettitte alinyamaza miaka mitano hadi jina lake lilipotajwa. Isitoshe, steroidi haiishii pale jeraha linapofungika. Huendelea kuujenga msuli kupita ulivyokuwa kabla ya kuumia. Mchezaji akirudi na nguvu asizokuwa nazo, na wapinzani hawajui, amewadhulumu waliokubali kuumia na kungoja.

Kenya imelipia somo hili kwa uchungu. Tarehe 13 Oktoba 2024 Ruth Chepngetich alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Sampuli ya mkojo wake ya 14 Machi 2025 ilikutwa na hidroklorothiazaidi, dawa ya kupunguza maji mwilini wanayopewa wagonjwa wa shinikizo la damu, ambayo pia huweza kuficha dawa nyingine. Kiwango cha chini cha kuripotiwa ni nanogramu 20 kwa mililita. Yake ilikuwa na 3,800. Baadaye alieleza kwamba aliugua akanywa dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kikaamua kwamba uzembe mkubwa hivyo hauna tofauti na kukusudia, na Oktoba 2025 akafungiwa miaka 3. Kabla yake kulikuwa na Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016. Mwaka 2017 alikutwa na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Alidai kwamba alitibiwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Nyaraka zake zikaonekana ni za kughushi, na adhabu ya miaka 4 ikawa 8.

Ukiwasikiliza wote hawa, Wamarekani na Wakenya, utaona wanajitetea kwa ugonjwa. Wanajua kwamba ugonjwa ndio udhuru ambao kila binadamu huuelewa. Udhuru huo ukiwa wa uongo, hasara yake humwangukia mchezaji anayeumwa kweli, kwa sababu akitoka kitandani mzima, watu humtazama kwa jicho la shaka.

Sisi Tanzania tuna shaka yetu ya jadi. Kabla hatujafikiria homoni tunafikiria mganga. Bodi ya Ligi imezitoza klabu faini mara nyingi kwa vitendo vinavyohusishwa na ushirikina, na shabiki yeyote wa Simba au Yanga anaijua kazi inayodaiwa kufanywa na "kamati ya ufundi". Mshambuliaji akiumia wiki ya dabi, wapo watakaosema amerogwa. Ninachokiogopa ni kwamba mazungumzo hayo yanameza muda wote, na vitu vinavyoingia mwilini kwa mdomo na kwa sindano vinapita bila kuulizwa.

Nenda kwenye duka la dawa muhimu na kifundo kilichovimba. Mara nyingi utatoka na vidonge ndani ya kibahasha cha karatasi, juu yake imeandikwa kwa kalamu 1x3. Boksi hujaliona, karatasi ya maelezo huna, na pengine hata jina la dawa halikuandikwa. Kwa mkulima anayetaka kurudi shambani huenda hilo lisilete tatizo. Kwa mkimbiaji ni hatari. Predinisoloni na deksamethasoni, dawa zinazotumiwa sana kwa uvimbe na pumu, zimekatazwa wakati wa mashindano zikimezwa au kuchomwa. Kanuni ya dunia inamwajibisha mwanariadha kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Kanuni hizohizo zinampa mgonjwa haki ya kuomba kibali cha matumizi ya tiba, akieleza ugonjwa wake na kuleta vyeti vya daktari. Haki hiyo haimfai kitu kijana ambaye hajawahi kuisikia, na klabu zetu nyingi za mbio hazina hata mtu wa kumkanda misuli, seuze daktari.

Limebaki swali la tatu. Wamarekani, watu wa takwimu, hulijibu kwa kura. Tarehe 7 Agosti 2007 Barry Bonds alipiga homu rani yake ya 756 na kuivuka rekodi ya Hank Aaron. Mbunifu wa mavazi Marc Ecko alinunua mpira ule kwa dola 752,467, kisha akawaachia mashabiki waamue kwa kura mtandaoni. Walichagua mpira upigwe chapa ya nyota, alama ya kuonyesha kwamba rekodi ina shaka, upelekwe kwenye jumba la kumbukumbu la besiboli la Cooperstown. Ulipelekwa. Bonds, ambaye siku zote amekana kutumia dawa zilizokatazwa kwa kujua, mwaka 2022 alimaliza nafasi yake ya kumi na ya mwisho katika kura za waandishi za kuingizwa kwenye jumba hilo kwa asilimia 66; zinatakiwa 75. Kwa hiyo mpira uko ndani ya jumba na aliyeupiga walimwacha nje. Ni hukumu ya watu walioshangilia kwa miaka mingi bila kuuliza, kisha wakataka kujiosha kwa kumtenga mmoja.

Kenya imelijibu kwa taasisi. Rekodi ya Chepngetich ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa matokeo yaliyobatilishwa ni ya kuanzia siku ile ya sampuli. Wapenzi wa riadha wanabishana kama wanayo haki ya kuijivunia. Lakini nchi ina sheria na wakala wake wa kupambana na dawa zilizokatazwa tangu 2016, na mwaka 2022, ilipokaribia kufungiwa, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Pesa za mbio zilitangulia, ulinzi ukafuata nyuma, na vijana wengi walianguka katikati.

Jibu la Tanzania kwa swali hili ndilo bora kuliko yote, na ndilo lenye kasoro inayonisumbua zaidi. Tulimchukua mtu wa 57 tukamfanya shujaa. Mwaka 1983 taifa lilimvisha Akhwari nishani. Hatukuhitaji medali wala rekodi kujua thamani yake, na jamii inayoweza kumheshimu wa mwisho haina sababu ya kumsukuma mtu kwenye sindano ili awe wa kwanza. Lakini tazama tulichokiheshimu. Julai 1970, chini ya miaka miwili baada ya Mexico, Akhwari alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh akashika nafasi ya tano kwa saa 2:15:05. Goti lilikuwa limepona. Zilikuwa mbio kubwa za mkimbiaji mkubwa, na Mutuka sijamsikia mtu akizitaja. Tumelikumbuka jeraha tukausahau uponaji, na kila kijana tunayemsimulia hadithi hiyo nusu anajifunza kwamba heshima iko kwenye bendeji.

Wakati wa kuirekebisha ni huu. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alikuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Babati ndiko alikozaliwa Fabiano Joseph, bingwa wa dunia wa nusu marathoni wa 2005, na Mbulu ndiko alikotoka Gabriel Geay, aliyekimbia Valencia kwa saa 2:03:00 mwaka 2022. Mawakala watakuja, mikataba itakuja, na wauza sindano hufuata mikataba. Tusisubiri kuyapata makovu ya Kenya.

Serikali na shirikisho wana kazi yao: kupima, kufundisha, kupeleka wataalamu wa tiba ya michezo mikoani. Shabiki naye ana yake, na haihitaji bajeti. Mchezaji akishika goti, tumwache atoke. Akikaa nje miezi sita, tusimwite pancha. Akirudi, tumuulize alitibiwa wapi na nani, kama watu wanaomtakia mema, na tumsifu kwa kungoja kama tunavyomsifu kwa kufunga. Tukimsimulia Akhwari kwa watoto, tufike mpaka Edinburgh. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumhukumu vikali anayechagua sindano, kwa sababu tutakuwa tumemwachia njia nyingine ya kurudi.