Mikono Miwili ya Uzazi

Msomaji wangu, siku uliyozaliwa hukuja duniani peke yako. Palikuwa na mikono iliyokupokea, ikakukata kitovu, ikakufuta, ikakuweka kifuani pa mama yako. Huikumbuki mikono hiyo, na huenda hujui ilikuwa ya nani. Lakini bila ya hiyo pengine usingekuwapo kusoma maneno haya. Vitabu vya historia hutueleza habari za wafalme, vita na mipaka ya nchi. Ni mara chache hutueleza habari za chumba cha uzazi, ingawa kila mfalme na kila askari aliingia duniani kwa mlango huo. Katika insha hii nataka tukitazame chumba hicho, tuone jinsi wanadamu walivyojifunza mambo mawili: kwamba mwanamke mwenye utungu ahitaji mkono safi, na kwamba ahitaji pia mkono wa mwenzi. Mambo haya ni mepesi kutaja. Hata hivyo, yalichukua miaka mingi kukubaliwa, na miaka mingi zaidi kukutana chini ya paa moja.

Zamani, katika nchi yetu kama katika nchi nyingine nyingi, mtoto alizaliwa nyumbani. Utungu ulipoanza aliitwa mkunga, naye aghalabu alikuwa mwanamke mtu mzima aliyekwisha kuzaa mwenyewe. Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kwa sababu hiyo haikuonekana busara kumkabidhi mzazi kwa mtu asiyeujua uchungu huo. Mkunga hakusoma shuleni. Alijifunza kwa kumtazama mama yake au bibi yake. Alimkanda mzazi mgongo, akampa maji, akamtia moyo, wala hakuondoka mpaka mtoto alie. Pamoja naye walikuwapo jamaa wa kike: mama, mama mkwe, shangazi au dada. Mume, kwa desturi za makabila mengi, alingoja nje. Kazi yake ilikuwa kumwita mkunga, kuleta kilichohitajika, na kukaa na hofu yake kimya.

Tusiipambe picha hiyo kupita kiasi. Nyumba ile ilikuwa na faraja, lakini mara nyingi haikuwa na dawa. Damu ilipotoka nyingi bila kukatika, au mtoto alipokaa vibaya tumboni, mkunga alikuwa na mikono yake na dua tu. Wanawake wengi walikufa, na watoto wengi hawakufikia siku ya kupewa jina. Asemaye kwamba zamani mambo yote yalikuwa mema hajayahesabu makaburi.

Sasa tuondoke kwetu kwa kitambo kidogo, twende Vienna, mji mkuu wa Austria, katika mwaka wa 1846. Hapo palikuwa na hospitali kubwa yenye kliniki mbili za uzazi. Katika kliniki ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari. Katika ya pili walifundishwa wakunga. Mtu angetazamia kwamba penye elimu nyingi pangekuwa na vifo vichache. Mambo yalikuwa kinyume. Mwaka huo, katika kila wanawake 100 waliozaa katika kliniki ya madaktari, 11 walikufa. Katika kliniki ya wakunga hawakufika 3. Waliwaua homa ya uzazi. Wanawake wa mji walizijua habari hizo, nao walipopelekwa kliniki ya kwanza walilia na kuomba wapelekwe ya pili.

Katika kliniki hiyo ya kwanza alikuwako daktari kijana, Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Hungaria. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Mwaka wa 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu wakati maiti ilipokuwa ikipasuliwa, akafa kwa maradhi yaliyofanana na yale ya wazazi. Ndipo Semmelweis alipotambua. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja katika wadi ya uzazi, na mikono yao ilichukua sumu ya mauti. Wakunga hawakupasua maiti. Basi mnamo mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Katika Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila 100. Katika Juni walikufa 2 tu na kidogo.

Ungedhani kwamba daktari huyo alishukuriwa. Hakushukuriwa. Wakubwa wengi wa udaktari walikataa kuamini kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua, na Semmelweis alikufa mwaka wa 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kabla ya dunia kumkubali. Baadaye Louis Pasteur na wengine walivionyesha vijidudu viletavyo homa hiyo, na katika miaka ya 1930 zikapatikana dawa za kuvishinda. Mkono safi ukashinda. Lakini angalia, msomaji, jambo la kujifunza hapa: wanawake wa Vienna waliokuwa wakilia mlangoni walikuwa wameuona ukweli kabla ya wataalamu. Hawakujua sababu, lakini walijua mahali palipokuwa na hatari. Hawakusikilizwa.

Usafi na dawa vilipoletwa hospitalini, wanawake walianza kuzihama nyumba. Katika Marekani, mwaka wa 1900 karibu watoto wote walizaliwa nyumbani. Mwaka wa 1940 zaidi ya nusu walizaliwa hospitalini. Na mwaka wa 1969 ilikuwa 99 katika kila 100. Huku kwetu nyumba ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilianza katika miaka ya 1920, na hospitali nyingine zikafuata. Faida ilikuwa kubwa, na asiye na shukrani kwa faida hiyo ni mjinga. Lakini katika kuhama huko kitu kimoja kilisahauliwa nyumbani. Mama, dada na mume walizuiwa mlangoni kwa kuwa huenda wangeleta uchafu, au wangesumbua kazi. Mwanamke akalazwa kitandani kati ya watu asiowajua, akaambiwa anyamaze. Alipata mkono safi, akapoteza mkono wa mwenzi.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Malkia Victoria wa Uingereza alipojifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa Novemba, 1840, mumewe Albert alikuwa naye chumbani pamoja na daktari na muuguzi, hali mawaziri wa serikali wakingoja chumba cha pili. Kilichowezekana kwa malkia kilikatazwa kwa mke wa fundi na mke wa mkulima miaka 100 baadaye. Katika mwaka wa 1933 daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, alitoa kitabu akieleza kwamba hofu hukaza mwili, na mwili uliokazwa huzidisha maumivu. Kwa hiyo mzazi aachwaye peke yake na hofu yake hudhulumiwa. Alikosea pale alipodhani kwamba karibu maumivu yote hutokana na hofu, kwa maana utungu ni utungu. Lakini alikuwa amegusa jambo la kweli. Mwaka wa 1965 Robert Bradley, daktari wa Marekani, alitoa kitabu chake kilichotaka mume afundishwe kumsaidia mkewe tangu utungu unapoanza hadi mtoto anapozaliwa. Wengi walimcheka. Mwanamume, walisema, atazimia.

Kucheka si ushahidi, na kutumaini si ushahidi pia. Ushahidi ulipatikana katika nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati. Huko wataalamu walichagua wanawake wenye afya njema waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza. Baadhi yao waliachwa wahudumiwe kwa kawaida ya hospitali. Wengine walipewa, juu ya huduma hiyo hiyo, mwanamke mmoja wa kukaa nao. Hakuwa mkunga, wala hawakuwa wamepata kumwona kabla ya siku hiyo. Aliwashika mkono, akawasugua mgongo, akazungumza nao. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1980. Wanawake ambao utungu wao ulikwenda bila matatizo, lakini hawakuwa na mwenzi, walikaa hospitalini muda wa saa 19 hivi kabla ya kujifungua. Waliokuwa na mwenzi, saa 9 hivi. Hesabu ya wanawake katika jaribio hilo ilikuwa ndogo, na kwa hiyo yalihitajika mengine.

Mengine yalifanywa. Mwaka wa 1991 yalitolewa matokeo ya jaribio la Houston, Marekani. Wanawake waliohudumiwa kwa kawaida walipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe 18 katika kila 100. Waliokuwa na mwenzi wa kuwasaidia, 8. Palikuwa na kundi la tatu la kushangaza. Wanawake hao waliwekewa mtu wa kuandika yaliyotokea tu. Hakusema nao wala hakuwagusa, bali alikaa chumbani muda wote. Nao pia walipungua, wakawa 13. Yaonekana kwamba hata mtu wa kukaa kimya ni bora kuliko kiti kitupu. Mwaka wa 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000, na jibu likawa lile lile. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mwanamke awe na mwenzi amtakaye wakati wa utungu, awe mume, dada, mama au rafiki.

Huenda ukauliza: mkono wa mtu wawezaje kufupisha utungu? Jibu moja ni hili. Mji wa uzazi husukuma mtoto kwa nguvu ya homoni iitwayo oksitosini. Mtu aingiapo hofu, mwili hutoa homoni nyingine, adrenalini, inayoutayarisha kukimbia au kupigana, na hofu ikizidi kazi ya ile ya kwanza huweza kupungua. Mwenzi aondoapo hofu huiacha kazi iendelee. Tena kuna sababu isiyohitaji maabara: mwenzi huona. Damu ikizidi, yeye ndiye wa kwanza kumwita mkunga. Mzazi akiomba maji, yeye ndiye asikiaye.

Lakini tusikosee njia kwa kuegemea upande mwingine. Mwenzi si dawa. Hawezi kuizuia damu wala kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Mume ampendaye mkewe kwa moyo wote hawezi kushika nafasi ya mkunga aliyefundishwa, na mkunga hodari mwenye wazazi sita wa kutunza usiku mmoja hawezi kushika nafasi ya mume. Mikono hii miwili haishindani. Mmoja hulinda mwili, mmoja hutegemeza moyo, na mzazi ni mtu mmoja mwenye vyote viwili.

Turudi kwetu. Mwaka wa 2003 wanawake kadiri ya 4 tu katika kila 10 nchini Kenya walizaa kwa msaada wa mtaalamu aliyefundishwa. Mwaka wa 2010 Katiba mpya, katika kifungu cha 43, iliitaja huduma ya afya ya uzazi kuwa haki ya kila mtu. Mwaka wa 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma. Ilipofika 2014 walikuwa 6 katika 10, na mwaka wa 2022 karibu 9. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Mkono safi umewafikia wengi wa mama zetu.

Mkono wa pili ungali unabisha hodi. Wadi nyingi za uzazi zilijengwa kuwa chumba kimoja chenye vitanda vingi, na mwanamume hawezi kuingia kumtunza mkewe bila kuvunja heshima ya wake za wenzake. Kwa sababu hiyo mume hurudishwa, na mara nyingine mama na dada hurudishwa pamoja naye. Wengine husema kwamba desturi zetu hazimruhusu mume kuwapo. Desturi hiyo ipo, nayo yastahili heshima. Mwanamke asiyetaka mumewe asilazimishwe. Lakini kumbuka, msomaji, kwamba desturi zetu hazikusema kamwe kwamba mzazi aachwe peke yake. Zilibishana tu na nyingine juu ya nani akae naye. Na kizuizi kikubwa kilichobaki si mlima: ni pazia baina ya kitanda na kitanda, na kiti kimoja kando yake.

Leo jioni, ukifika nyumbani, muulize mama yako au bibi yako ni nani aliyekuwa naye saa ulipozaliwa wewe au mzazi wako. Uliza kwa adabu, kisha usikilize bila haraka. Huenda ukasikia jina la mkunga ambaye hukupata kumshukuru. Huenda ukaambiwa kwamba baba yako alisimama nje ya lango usiku kucha. Au huenda akakaa kimya kidogo, kisha akakuambia kwamba hakuwapo mtu. Wanawake wa Vienna walisema kweli yao mlangoni wala hawakusikilizwa. Wewe utakuwa daktari, mkunga, mwashi wa hospitali, diwani, mume au mke. Usikilize.